Chuma kimekwenda wapi? Kutambua kasoro za kiwandani kwenye chenji ya Mwanza

Picha zinazotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp zinafanana. Sarafu ya mia mbili ina pengo pembeni, au ya mia imegeuka nyekundu, na chini yake kuna swali moja: "Hii ina bei gani?" Mara nyingi jibu ni shilingi mia mbili na shilingi mia, kama zilivyoandikwa. Hizo ni sarafu zilizoumizwa mtaani. Yenye kasoro ya kiwandani ipo, na konda wa Buzuruga anaweza kukurudishia kwenye chenji bila yeye kujua wala wewe kujua. Ila ili uitenge na zilizogongwa nyundo, zilizokanyagwa na lori na zilizoangukia jikoni, swali la bei liweke pembeni kwanza. Jiulize hivi: chuma kilichokuwa hapa kimekwenda wapi? Na kama kimeongezeka, kimetoka wapi? Kasoro ya kiwandani hujibu swali hilo kwa namna inayoendana na mashine ya kugonga sarafu. Uharibifu hujibu kwa patasi na tupa.

Kwa hiyo lazima uijue mashine kidogo. Bamba refu la chuma hupita chini ya vikatio, vinatoka visahani vitupu. Visahani huchomwa ili vilainike, kisha hubanwa pembeni ili ukingo uinuke. Kama sarafu ni ya chuma chenye ngozi ya madini mengine, visahani huzamishwa kwenye maji ya kemikali na kupakwa kwa umeme. Mwisho kisahani huingia kwenye mashine: chini kuna muhuri mmoja wa chuma kigumu, juu kuna wa pili, na kukizunguka kuna pete. Pigo moja la makumi ya tani huchora pande zote mbili na ukingo kwa mpigo huohuo. Mashine za siku hizi hugonga mamia ya sarafu kwa dakika, hivyo hakuna jicho la mtu linalotazama moja moja. Za kwetu hugongwa nje ya nchi kwa agizo la Benki Kuu, zikija zimeshahesabiwa na kufungwa.

Kasoro basi inaweza kuanzia kwenye kisahani, kwenye muhuri, au kwenye pigo lenyewe. Ukishindwa kusema ni wapi kati ya hapo tatizo lilipotokea, usiite kasoro.

Vifaa si vingi. Lenzi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia masonara, inatosha kabisa. Ya mara 40 itakuonyesha mikwaruzo mpaka ukose usingizi. Mizani inayosoma gramu 0.01 si shida kuipata Mwanza, biashara ya dhahabu imeifanya iwe bidhaa ya kawaida. Kalipa ya kupimia kipenyo na unene, sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, na taa moja ya mezani inayoweza kulazwa. Mwanga wa kutoka pembeni ndio unaofanya kazi. Mwanga wa juu kwa juu hufuta kila kitu.

Uzito na kipenyo cha kawaida usivichukue mtandaoni, hasa kwenye kurasa zinazonakiliana. Chagua sarafu tano nzima za thamani ileile na mwaka uleule, zipime, uandike ya chini na ya juu. Huo ndio upana wa kawaida, na sarafu unayoitilia shaka italinganishwa na hizo. Mwaka ni muhimu kwa sababu toleo moja na jingine linaweza kutofautiana kidogo kwa rangi na uchoraji bila kuwepo kosa lolote.

Kwenye mzunguko wa sasa zipo nne. Hamsini yenye pembe saba, ina faru na mtoto wake upande mmoja na Mzee Mwinyi upande wa pili. Mia ina Mwalimu na swala wanaokimbia. Hizo mbili ni chuma kilichopakwa shaba njano, kwa hiyo sumaku inazibeba. Mia mbili ya simba na Mzee Karume, iliyoanza 1998, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Halafu jero, yaani mia tano, ya nyati na Mzee Karume, iliyoingia mtaani Oktoba 2014 kuchukua nafasi ya noti iliyokuwa inachakaa haraka. Ni chuma kilichopakwa nikeli, nayo inanasa sumaku.

Kabla hatujaenda mbali, tuitoe jero kwenye orodha ya malalamiko. Upande wa nyati kuna alama ya usalama iliyochorwa kwa mistari midogo: ukiinamisha sarafu unaona 500, ukiigeuza kidogo unaona BOT. Watu wengi huipiga picha hiyo na kusema maandishi yamegongwa juu ya maandishi. Ndivyo ilivyotengenezwa. Jero isiyoonyesha kitu hapo ndiyo ya kutilia shaka, na shaka ya kwanza iwe kwamba imesuguka au ni bandia.

Sasa mihuri, maana huko ndiko kwenye kasoro nyingi unazoweza kuzipata kweli. Muhuri ni kinyume cha sarafu: kilicho shimo kwenye muhuri huwa mwinuko kwenye sarafu. Muhuri ukipasuka, ufa ni mfereji, na chuma cha kisahani hujaa humo. Kwa hiyo ufa wa muhuri huonekana kwenye sarafu kama mstari ulioinuka, mwembamba, usionyooka sana, mara nyingi unaanzia ukingoni na kupita katikati ya herufi bila kuzikata. Mkwaruzo wa mtaani ni mfereji uliozama, na pembezoni mwake chuma kimesukumwa kikawa na matuta. Pitisha ncha ya kijiti cha meno: ikikwama inapopanda juu una sababu ya kuendelea, ikitumbukia rudisha sarafu mfukoni. Kipimo hiki kimoja huondoa zaidi ya nusu ya ubishi.

Ufa ukiendelea, kipande cha muhuri hubanduka kabisa, hasa karibu na ukingo. Hapo sarafu huwa na donge laini lisilo na mchoro, limeungana na ukingo, limejaa mahali palipotakiwa kuwa na herufi. Usitosheke na donge peke yake. Geuza sarafu uangalie sehemu ileile upande wa pili: mchoro wake lazima uwe hafifu, kwa sababu chuma kilikimbilia kwenye pengo badala ya kujaa upande wa pili. Donge la fundi wa kuchomelea linakaa juu ya mchoro, lina rangi yake, na upande wa pili hauna habari nalo.

Kuna ushahidi mwingine wa muhuri ambao hauhitaji hata lenzi nzuri: kupata ndugu. Muhuri mmoja hugonga maelfu ya sarafu kabla haujabadilishwa, kwa hiyo ufa uliopo kwenye mia moja upo pia kwenye nyingine za mwaka huo, mahali palepale, pengine mrefu zaidi au mfupi zaidi. Ukipata mbili zenye mstari uleule, ubishi umekwisha. Hapa ndipo wenye sarafu nyingi kwa pamoja wanapofaa: mama ntilie, muuza maji, mlinzi wa choo cha stendi, mhasibu wa sadaka. Waombe kubadilishana kwa noti, watakushukuru wewe.

Muhuri pia huziba. Grisi iliyochanganyika na vumbi la chuma hujaa kwenye herufi, na herufi hiyo haitokei kwenye sarafu, au hutokea kivuli chake. Wakati mwingine tarakimu za mwaka hupotea, na mtu hutangaza kwamba ana sarafu isiyo na mwaka. Ni kasoro ya kweli, ila ni ya kawaida na bei yake ni ndogo. Kuitofautisha na tarakimu iliyosuguliwa, laza taa: kwenye iliyoziba, uwanja unaozunguka, yaani sehemu bapa isiyo na mchoro, ni uleule, na tarakimu inafifia taratibu ikiwa na mabega ya mviringo. Kwenye iliyosuguliwa utaona mistari midogo inayokwenda upande mmoja, na herufi za jirani nazo zimepoteza kichwa.

Maandishi mawili-mawili ndiyo yanayowapotosha hata wazoefu. Yapo ya aina tatu, moja tu ndiyo yenye thamani. Ya kwanza ni muhuri ambao wenyewe ulichorwa mara mbili kwa kupishana wakati unatengenezwa; hapo kila sarafu ya muhuri huo ina herufi zenye migongo miwili ya duara, na kwenye kona za herufi kuna mpasuko kama mkia. Senti ya Marekani ya 1955 ni mfano unaojulikana dunia nzima. Macho matupu yanauona. Ya pili hutokea muhuri uliolegea unapotikisika wakati wa pigo: herufi hukwanguliwa ubavu, hubaki ngazi bapa iliyo chini, na herufi yenyewe huwa nyembamba kuliko kawaida. Hiyo ni takataka, samahani kwa lugha, na ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi kwenye mitandao. Ya tatu inahusu sarafu zetu zilizopakwa: ngozi ya shaba ikivutwa na pigo huchanika kando ya herufi, chuma cheupe kinachungulia, na kwa mbali unaona kivuli cha pili. Ukikuza utaona ni rangi tu, hakuna mwinuko.

Muhuri uliozunguka ni rahisi kupima na watu hawaupimi. Sarafu za Tanzania, ukiishika kichwa kikiwa wima na kuigeuza kushoto kwenda kulia, upande wa pili nao lazima uwe wima. Ukiwa umelala, muhuri mmoja ulizunguka mahali pake. Chora mstari wima kwenye karatasi, weka sarafu kichwa kikiwa sawasawa na mstari, igeuze, kisha pima pembe kwa kipimapembe cha mwanafunzi. Chini ya digrii 15 usihangaike, viwanda huvumilia kiasi hicho. Kuanzia digrii 45 anza kuiweka pembeni, na ya digrii 90 hadi 180 ni ya kutunza. Kasoro hii ina raha moja: mtu wa mtaani hawezi kuitengeneza bila kuikata sarafu katikati ya unene na kuibandika upya, na mshono wake utauona ukingoni.

Kwenye visahani, kasoro inayotafutwa zaidi ni pengo la mwezi. Bamba lisiposogea vya kutosha, kikatio kinarudi kukata mahali palipokwisha kukatwa, kama mtu anayekata maandazi kwa glasi na kuingilia tundu la andazi lililotoka. Kisahani hutoka na pengo la duara. Kwa kuwa pengo lilikuwepo kabla ya pigo, chuma kilipobanwa kilikimbilia huko, na herufi zilizo jirani huonekana zimevutwa, zimenenepa au kufifia kuelekea kwenye pengo. Halafu tazama upande unaokabiliana na pengo, ng'ambo kabisa. Ukingo wa hapo huwa hafifu au haupo, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo hubana kisahani kutoka pande mbili, na penye pengo hapakuwa na kitu cha kubana. Pengo la tupa halina habari na ng'ambo. Herufi zinakatwa ghafla na ukingo wa pili uko timamu.

Kwenye sarafu iliyopakwa kuna kipimo kikali zaidi. Tazama ukingo wa sarafu nzima ya aina ileile: kama rangi ya nje imeuzunguka wote, basi kisahani kilipakwa baada ya kukatwa, na pengo la kweli nalo lazima liwe na rangi hiyohiyo. Mia yenye pengo linaloonyesha chuma cheupe au kutu ilikatwa baada ya kupakwa, yaani na mtu. Picha nyingi za "mia iliyoumwa" zinaishia hapo.

Tukiwa bado kwenye ngozi: mia nyekundu. Hii huulizwa kuliko zote kanda ya ziwa, na karibu zote ni kemikali. Shaba njano ni shaba na zinki. Ikikaa kwenye asidi ya betri, au kwenye ndimu na chumvi, au ikachomwa moto, zinki huondoka kwanza na shaba nyekundu hubaki. Sarafu inakuwa na rangi ya waya wa umeme, na muuzaji anasema iligongwa kwenye kisahani cha shaba. Isogeze kwenye sumaku. Ikinasa, ni mia ya kawaida iliyooga asidi. Uso wake ukiukuza huwa na vishimo vidogo na hauna mng'ao unaozunguka unapouinamisha chini ya taa.

Mia ya kijivu ni suala la maana zaidi, kwa sababu visahani vilivyoruka hatua ya kupakwa hupita kweli. Kusuguka huanzia kwenye miinuko: shavu la Mwalimu, mgongo wa swala, ukingo, mabonde hubaki ya njano. Kwa hiyo sarafu ambayo miinuko imekuwa kijivu huku mabonde yanang'aa ni iliyochoka tu. Sarafu iliyo kijivu kila mahali, mabondeni na miinukoni, herufi zote zikiwa na makali yake, na uzito wake umepungua kidogo tu, hiyo ishike vizuri. Ishike pakavu pia, maana chuma kitupu kwenye unyevu wa ziwa huota kutu haraka. Malengelenge madogo kwenye uso ni hewa iliyobaki chini ya ngozi. Ni kasoro ya kweli isiyo na soko.

Pigo likikosea, matokeo huonekana bila lenzi. Kisahani kisipokaa katikati, mchoro hukatwa upande mmoja na upande wa pili hubaki mwezi mtupu. Asilimia 5 ni mzaha. Kuanzia 20 ni jambo, hasa mwaka ukiwa unasomeka. Pete ikikosekana, chuma hutawanyika: kipenyo huzidi cha kawaida, unene hupungua, ukingo hauna michirizi, uzito haujabadilika. Hapo kalipa na mizani vinasema pamoja. Sarafu iliyopigwa nyundo nayo hupanuka, lakini mchoro wake umelala. Iliyotawanyika kiwandani ina mchoro mzima na mkali katikati. Hamsini iliyokosa pete hupoteza makali ya pembe zake saba.

Kuna sarafu yenye picha iliyozama na kugeuka, herufi zinasomeka kinyume. Kiwandani hutokea sarafu iliyotangulia ikinata kwenye muhuri na kugonga kisahani kinachofuata. Mtaani hutokea ukiweka sarafu mbili kwenye jiliwa la karakana na kukaza. Tofauti iko chini ya picha iliyozama: kwenye ya jiliwa, mchoro wa asili bado upo, umepondwa lakini unaonekana, na mgongo wa sarafu umekuwa bapa. Kwenye ya kiwandani upande huo haukuwahi kuguswa na muhuri, hakuna mchoro wa asili wa kupondwa.

Kwa shaka ya madini, fanya jaribio la maji. Pima sarafu kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani na urudishe namba kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, usome namba. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Sarafu ya gramu 8.00 inayosoma 0.91 majini inakupa 8.8 hivi, familia ya shaba, ikisoma 1.02 inakupa 7.84, hicho ni chuma. Shaba njano huangukia kati ya 8.4 na 8.7, shaba na nikeli karibu 8.9, risasi 11.3, alumini 2.7. Tone la sabuni kwenye maji huondoa viputo, ambavyo ndivyo huharibu hesabu. Kwa mizani ya 0.01 utaweza kutenganisha chuma na shaba, lakini usijidai umetenganisha shaba njano na shaba-nikeli, upungufu wa mizani unatosha kukudanganya. Mia mbili inayonasa sumaku, au mia isiyonasa, ndiyo inayostahili usumbufu huu. Kwanza linganisha na nyingine za mwaka uleule.

Mihuri miwili isiyo ya pamoja ndiyo kasoro inayotengeneza majina. Uingereza 2008 walibadilisha uchoraji wa peni 20 na kuuhamisha mwaka kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa kichwa. Muhuri wa kichwa wa zamani ukakutana na wa nyuma mpya, zikatoka sarafu zisizo na mwaka kabisa. Kwetu ukidhani umepata ya namna hiyo, kagua kwanza ukingo kwa lenzi. Fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kuchimba sarafu moja iwe kikombe na kupachika uso wa nyingine ndani yake. Mshono unakaa ndani kidogo ya ukingo, na ukiidondosha mezani haiimbi.

Kando ya ziwa chenji huchanganyika na za majirani. Za Kenya hushuka kutoka Sirari, za Uganda huja na abiria wa Mutukula na meli ya Bukoba. Mia mbili yenye samaki siyo kosa la simba. Ni ya Uganda, imeandikwa jina la benki yao. Kwa mwindaji wa kasoro, kumi na ishirini za Kenya ni tamu zaidi kwa kuwa zina madini mawili, pete ya nje na kiini. Kiini na pete hukutana kwenye pigo lilelile la mchoro. Kiini kikikaa pembeni, kinafurika juu ya pete na mchoro unapita juu ya vyote bila kukatika. Kiini kilichosukumwa kikatoka na kurudishwa kwa nyundo hubaki kimezunguka: mistari inayovuka mpaka haikutani tena, na kuna alama za kupigwa. Wavulana wa gereji wanakijua hicho kimchezo.

Za zamani hazimo kwenye chenji lakini hujitokeza kwenye masanduku ya bibi. Senti 5 na 10 za Afrika Mashariki za 1936 zilizoandikwa jina la Edward VIII siyo makosa, ingawa mfalme huyo aliachia kiti kabla ya kuvikwa taji; sarafu hizo hazikuwa na sura yake, zikagongwa zikatumika. Zina tundu katikati lililotobolewa kabla ya pigo, na mchoro umeliwekea ukingo ulioinuka. Tundu la keekee hukata mchoro na kuacha kingo kali. Heller 20 (heller ilikuwa sarafu ndogo ya enzi za Mjerumani) za Tabora za 1916, zilizogongwa na Wajerumani kwenye karakana ya reli baada ya vita kukata meli za kuleta fedha, zina mihuri iliyotengenezwa kwa haraka: taji kubwa, taji dogo, nyufa, migongo iliyofifia. Hapo ufa ni kawaida. Wanunuzi hulipia aina ya muhuri na hali ya sarafu.

Uharibifu wa kwetu una sura zake. Sarafu iliyokaa kwenye mchanga wa mwalo, pale Kirumba au Igombe, husuguka pande zote kwa usawa na kupata uso wa vumbi. Mtu husema iligongwa hafifu. Lakini pigo hafifu huacha ukingo mnene na mng'ao, mchanga hula ukingo kwanza. Iliyolazwa relini hupanuka upande mmoja na kuwa nyembamba mwishoni. Iliyotumiwa na fundi kama washa ina duara la kukandamizwa na nati.

Ukipata ya kweli usiioshe. Hakuna dawa ya meno, hakuna ndimu, hakuna majivu. Kama ina matope, maji safi na kuiacha ikauke kwenye kitambaa, bila kusugua. Ishike ukingoni. Iweke kwenye bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi au kikombe kigumu cha plastiki. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu huacha utando wa kijani kwenye shaba. Weka na pakiti za kunyonya unyevu, zile za kwenye maboksi ya viatu, na uzibadilishe, kwani masika hapa huzishiba upesi. Juu ya bahasha andika thamani, mwaka, kasoro kwa maneno machache, uzito, kipenyo na mahali ilipotoka.

Bei: hakuna orodha inayoaminika ya kasoro za sarafu za Tanzania, na anayekutajia bei ya kudumu anabahatisha. Soko lipo kwa wakusanyaji wa nje na wachache wa ndani, nao hulipia kinachoonekana kwa macho: nje ya katikati, pengo kubwa, picha iliyozama, muhuri uliopinduka. Nyufa na herufi zilizoziba ni za kubadilishana na marafiki. Piga picha tatu, pande mbili na ukingo, taa ikiwa pembeni, sarafu ya kawaida ya mwaka uleule ikiwa jirani yake, na utaje uzito. Mnunuzi anayejua atauliza ukingo na uzito kabla ya kitu kingine.

Anayekuomba utume kwanza "ada ya usajili" au nauli ya mtaalamu ili akununulie sarafu kwa mamilioni ni tapeli, na kundi lake ni lilelile la wanaotafuta rupia za Mjerumani zinazodaiwa kuvuta mchele. Na usijaribu kutengeneza kasoro mwenyewe. Kunyoa sarafu na kuyeyusha fedha ni makosa kwenye Kanuni ya Adhabu.